Mtoto Anaharisha, Anatapika na Anatema Dawa: Namna ya Kumuuguza Nyumbani

"Nampa ORS anatema, nifanyeje?" "Katapika dawa, nirudie au nisirudie?" "Tangu asubuhi anaharisha tu, nimpe Flagyl?" "Hajala tangu jana, nimlazimishe?" Mvua zikianza, maswali haya hayakauki, na mara nyingi huja saa tatu usiku, duka la dawa limeshafungwa na mama ana mtoto mgongoni anayelia. Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo. Sasa nayaweka kwa maandishi ili uyasome mapema, kabla usiku wenyewe haujakufikia.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Ndio umri mgumu kuuguza kuliko wote: ana nguvu za kukataa, hana maneno ya kueleza. Mchanga bado ananyonya, wa miaka mitano utambembeleza aelewe. Huyu wa katikati anafunga mdomo, anageuza uso, anakipiga kijiko kinaruka. Tambua mapema kwamba hilo si ukaidi, na wala si dalili kwamba wewe ni mzazi mbaya. Anaumwa, na mdomo ndiyo sehemu pekee anayoweza kuiamulia.

Jambo la kushika ni hili: kazi yako si kuzuia kuharisha. Kuharisha kwingi kwa watoto huletwa na virusi, na huisha kwenyewe ndani ya wiki moja hivi. Kutapika huwahi kuisha, siku moja hadi tatu. Kinachoua ni maji na chumvi kutoka mwilini bila kurudishwa. Basi kazi yako ni kurudisha, na kuchunga dalili. Hatua zote hapa chini zinatokana na hilo.

Kabla ya yote: huyu ni wa kuuguzwa nyumbani?

Usiendelee kusoma, nenda kituo cha afya sasa hivi, ukiona lolote kati ya haya:

- Hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kinachoingia.
- Amepata degedege.
- Amelegea, ukimwamsha hazinduki vizuri, hakuangalii.
- Kuna damu kwenye choo, au matapishi ni ya kijani au yana damu.
- Macho yamezama, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa 6 hadi 8. Finya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili kisha iachie: ikirudi polepole, maji yamepungua sana.
- Choo ni maji matupu yanayotoka kwa wingi, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Hiyo yaweza kuwa kipindupindu, na saa chache tu zinatosha kumwangusha.

Mtoto mwenye selimundu, utapiamlo au ugonjwa wa moyo naye asisubirishwe nyumbani. Na hata ukiwa njiani kwenye bajaji, endelea kumnywesha kijiko kwa kijiko kama anaweza kumeza.

Vitu vya kuwa navyo

- Pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), angalau nne, na vidonge vya zinki vya miligramu 20. Zahanati wanavyo, maduka ya dawa muhimu pia, na bei yake ni ndogo. Nunua mtoto akiwa mzima.
- Chupa safi unayojua ujazo wake kwa hakika. Chupa tupu ya maji ya kunywa ya lita 1 inafaa kabisa.
- Maji yaliyochemshwa na kupoa.
- Kijiko cha chai, kikombe cha wazi, na bomba la sindano la mililita 5 au 10 lisilo na sindano. Hili bomba ndilo litakalokuokoa. Omba duka la dawa wakuuzie jipya.
- Paracetamol ya maji ya watoto.
- Kipimajoto, kama kipo.
- Mabeseni mawili, kanga kuukuu za kutosha, mpira wa kutandika kitandani, pampasi au nepi, na Vaseline au mafuta yenye zinki ya kupaka makalioni.
- Kadi ya kliniki. Uzito wake wa mwisho umeandikwa humo, na dozi nyingi hupimwa kwa uzito.
- Daftari na kalamu.
- Nauli ya usiku iliyowekwa kando isiguswe, na namba ya dereva au jirani mwenye chombo ambaye umeshaongea naye. Wengi hukwama hapa, siyo kwenye dawa.

Hatua ya 1: Fungua ukurasa wa daftari

Andika uzito wa mtoto juu. Chini yake: saa, alichokunywa na kiasi, choo, kutapika, kukojoa, dawa aliyopewa. Inaonekana kazi ya ziada, lakini kufikia saa nane usiku hutakumbuka kama paracetamol ilikuwa saa nne au saa sita. Tena nyumba zetu zina mikono mingi: mama, baba, dada wa kazi, bibi. Kila mmoja akimhurumia mtoto na kumpa dawa kwa wakati wake, mtoto anapata dozi mbili. Daftari likae mahali pamoja, na sheria iwe moja: anayempa dawa ndiye anayeandika, papo hapo. Hata daktari swali lake la kwanza ni mara ngapi na tangu lini.

Hatua ya 2: Changanya ORS kwa kipimo

Soma pakiti kwanza. Nyingi ni za lita 1 ya maji, lakini zipo za mililita 500 na za mililita 200. Mimina pakiti yote kwenye kiasi hichohicho cha maji kilichoandikwa, koroga mpaka iyeyuke yote, funika. Kinachobaki baada ya saa 24, mwaga na uchanganye upya.

Makosa yanayojirudia hapa:

- Kugawa pakiti ya lita kwa kukadiria, nusu leo nusu kesho. Ikizidi unga inakuwa chumvi kali ambayo ni hatari kwa mtoto, ukipungua haimsaidii.
- Kuongeza sukari au juisi "ili iwe na ladha". Usiongeze chochote.
- Kuichemsha baada ya kuchanganya. Maji ndiyo huchemshwa, kabla.

Pakiti hakuna na duka limefungwa? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe na kilima. Onja mwenyewe kabla hujampa: ikiwa na chumvi kuliko machozi, imwage uanze tena. Hii ni ya kuvukia usiku tu. Asubuhi tafuta pakiti.

Hatua ya 3: Mnyweshe kidogokidogo, kwa saa

Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 anahitaji mililita 50 hadi 100, yaani robo kikombe hadi nusu. Wa miaka 2 na zaidi, mililita 100 hadi 200, nusu kikombe hadi kikombe kizima. Hiyo ni juu ya anachokunywa siku zote.

Sasa hapa ndipo mama anapokata tamaa. Anajaza kikombe, anakipeleka mdomoni, mtoto anagugumia mafunda matatu kwa kiu, dakika tano baadaye yote yako kwenye kanga. Mama anasema, "ORS anaitapika." Haitapiki ORS; anatapika wingi wa mara moja.

Fanya hivi: kijiko kimoja cha chai, angalia saa, subiri dakika moja au mbili, kijiko kingine. Kijiko cha chai ni mililita 5. Ukitoa kimoja kila dakika mbili, kwa saa moja ameingiza mililita 150. Ukitoa kila dakika, ni 300. Hakuna mtoto wa umri huu utakayemnywesha kiasi hicho kwa vikombe akiwa anatapika, ila kwa kijiko anakimaliza bila yeye mwenyewe kujua. Inachosha mkono na inachosha moyo, nakubali. Lakini hakuna dawa dukani inayoishinda kazi hii.

Akikataa kijiko, jaribu haya:

- Bomba la sindano, mililita 2 au 3, pembeni mwa shavu.
- Badilisha ubaridi. Wapo wanaokataa ya vuguvugu na kukubali iliyokaa kwenye friji, na wengine kinyume chake. Ukiwa na friza, igandishe kwenye vibarafu, ponda, mlambishe.
- Mpe kikombe akishike mwenyewe, chenye funda moja tu ndani. Mnyweshe kwanza mwanasesere, au kaka yake.
- Badilisha mtu. Mtoto anayemsusia mama mchana kutwa huenda akanywa kwa shangazi bila ubishi. Usiumie. Mama ndiye anayeliliwa kwa sababu ndiye anayeaminiwa.

Mkalishe au muegemeze kifuani kwako. Usimnyweshe akiwa amelala chali, wala akiwa katikati ya kilio.

Anayenyonya aendelee kunyonya, mara nyingi kuliko kawaida, na ORS iingie katikati. Akikataa ORS kabisa, mpe maji ya wali au uji mwepesi uliotiwa chumvi kidogo, supu isiyo na mafuta mengi, dafu, au maji safi. Usimpe soda, juisi za boksi, chai yenye sukari nyingi, wala glukosi ya unga. Hii glukosi imezoeleka sana kwetu kwa jina la "kumpa nguvu". Sukari ikizidi tumboni huvuta maji kuingia kwenye utumbo, na kuharisha kunaongezeka.

Na kama mtoto anacheza, anakojoa vizuri, na ORS anaikunja uso, usipigane naye. Asiye na upungufu wa maji huiona chumvi. Mwenye upungufu huinywa kwa pupa. Mwache anywe anavyopenda katika vile vinavyofaa, nawe uendelee kuhesabu.

Hatua ya 4: Akitapika

Msafishe, mtulize, subiri dakika 10. Kisha anza upya, polepole zaidi: kijiko kila dakika mbili au tatu. Usisubiri mpaka kesho "tumbo lipumzike". Tumbo linalopumzishwa usiku kucha bila maji ndilo linaloamka na macho yaliyozama.

Hatua ya 5: Zinki, siku 10 bila kuruka

Kwa umri huu ni miligramu 20 kwa siku, kidonge kimoja, kwa siku 10 hadi 14 kama ulivyoelekezwa. Kiweke kwenye kijiko, tia maji safi kidogo au maziwa ya mama, kitayeyuka chenyewe. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia.

Kosa kubwa: choo kikikaza siku ya tatu, zinki inawekwa kabatini. Endelea. Inafupisha ugonjwa huu na pia inamkinga asiharishe tena kirahisi miezi miwili mitatu ijayo. Ibandike kwenye jambo ambalo halisahauliki, mathalani baada ya kuoga jioni.

Hatua ya 6: Dawa ya maji kwa mtoto anayetema

Kwanza kipimo, halafu mapambano.

Soma kwenye chupa ni miligramu ngapi kwa kila mililita 5. Chupa mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana nguvu. Paracetamol hupimwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Chupa ikiwa ya miligramu 120 kwa mililita 5, basi mililita 5 zinamtosha. Hurudiwa baada ya saa 4 hadi 6, na haizidi mara 4 kwa saa 24. Usipimie kijiko cha jikoni: vijiko vya nyumbani havilingani. Pimia bomba au kikombe kilichokuja na dawa. Angalia pia dawa za mafua na kikohozi, maana baadhi zina paracetamol ndani, na ukichanganya umeizidisha.

Sasa namna ya kumpa:

a) Andaa kila kitu kabla ya kumwita: dawa imepimwa, maji ya kusuuzia yapo, kitambaa kipo. Mtoto akikuona unatikisa chupa kwa dakika tatu, vita vimeshaanza.

b) Mpakate ubavuni, kichwa chake kwenye kiwiko chako, mkono wake mmoja upite nyuma ya mgongo wako, mwingine uushike. Mwenye nguvu nyingi mfunge na kanga kuanzia mabegani, kwa upole.

c) Mwambie ukweli kwa maneno machache: "Ni dawa, ni chungu kidogo, tukimaliza tunakunywa maji." Usimwambie ni pipi. Siku atakapoiona chupa peke yake ataitafuta hiyo pipi.

d) Ingiza bomba pembeni, kati ya fizi na shavu, si katikati ya ulimi na si kooni. Sukuma mililita 1. Subiri ameze. Tena 1.

e) Akilia kwa nguvu, simama. Akishusha pumzi, endelea.

Nasema hili kwa mkazo: usimbane pua ili afungue mdomo, na usimmiminie dawa akiwa chali. Wengi tulilelewa tukiona hivyo. Mtoto akivuta pumzi wakati ule, dawa inaingia kwenye mapafu.

Usichanganye dawa kwenye bakuli zima la uji au chupa nzima ya maziwa. Akiacha nusu, hujui amepata kiasi gani, na anaweza kuuchukia uji wenyewe. Ukitaka kuficha uchungu, tumia kijiko kimoja cha mtindi au ndizi iliyopondwa, baada ya kumuuliza mtoa dawa kama dawa hiyo inaruhusu.

Akitema yote papo hapo, pima upya umpe. Akitema sehemu na hujui kiasi, usikisie kwa paracetamol. Subiri wakati wa dozi inayofuata. Dawa ya malaria au antibiotiki ikitapikwa ndani ya nusu saa kwa kawaida hurudiwa, lakini mpigie aliyekuandikia, maana huenda ukahitaji kuongezewa dozi ili isipungue mwishoni.

Hatua ya 7: Akiwa na homa

Apimwe malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kipo mpaka zahanati ya kijiji, majibu ni dakika chache. Usimpe ALu (dawa mseto ya malaria) iliyobaki ya kaka yake kwa kuwa "dalili ni zilezile". Kuharisha na homa vinaweza kuwa malaria, vinaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Mpunguzie nguo, mpe hewa, endelea kumnywesha. Asifunikwe mablanketi atoke jasho, asimwagiwe maji ya baridi. Aspirini na diklofenaki si za mtoto huyu. Ibuprofeni nayo iache wakati anaharisha na kutapika: mwili ukikosa maji, figo zinaumia.

Degedege likija, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si dawa. Wala hakuna moshi wa kumfukizia. Ni hospitali moja kwa moja.

Hatua ya 8: Chakula

Usimnyime, usimlazimishe. Kidogo mara sita kwa siku kuliko sahani kubwa mara mbili: mtori, wali laini, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, mtindi, parachichi, uji ulioongezwa karanga iliyosagwa laini. Akila vijiko vitatu akageuza uso, sawa. Rudi baada ya saa moja. Akishapona mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili, ndipo uzito unarudi.

Hatua ya 9: Makalio, mikono, na choo chake

Osha kwa maji, kausha kwa kupapasa bila kusugua, paka mafuta, mwache bila nepi muda mfupi kila nafasi inapopatikana. Kinyesi cha mtoto mwaga chooni, na maji ya kufulia nepi pia. Wengi huamini kinyesi cha mtoto hakina madhara. Nyumba nzima huharisha kwa imani hiyo. Sabuni kila baada ya kumbadilisha, na kabla ya kushika kijiko cha ORS.

Hatua ya 10: Wewe

Kuuguza usiku mbili mfululizo peke yako ni hatari kwa mtoto, siyo kwako tu. Mtu asiyelala hukosea dozi na haoni macho yanapozama. Gawaneni: mmoja hadi saa saba usiku, mwingine kuanzia hapo. Baba anaweza kushika kijiko. Hakuna ujuzi wa kike kwenye mililita 5.

Hasira ikipanda, na kwa uchovu ule itapanda, mlaze mtoto mahali ambapo hataanguka, toka chumbani, nawa uso, pumua. Dakika tano za kulia peke yake hazimdhuru. Kumtikisa kwa nguvu kunaweza kuumiza ubongo wake.

Kuhusu kazini: hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo katika mzunguko wa likizo (miezi 36) kwa sababu kama ugonjwa wa mtoto wake. Mwajiri anaruhusiwa kudai uthibitisho, kwa hiyo usitoke kituoni bila karatasi. Wazazi wengi wanalijua la likizo ya uzazi, hili hawajawahi kuambiwa.

Ushauri wa kukataa, na namna ya kuukataa

Utaambiwa ni meno. Mtoto anayeota meno anaweza kutoa udenda na kulialia, lakini kuharisha kama maji na kutapika usikusingizie meno. Utaambiwa ana "meno ya plastiki" yang'olewe. Yale ni meno yake ya kawaida ambayo bado hayajatoka kwenye fizi. Kuyachokoa kumewaletea watoto damu kuvuja na maambukizi yaliyowaua. Akikohoa utaambiwa akatwe kimeo. Usikubali. Utaambiwa Flagyl, au dawa ya kufunga choo. Antibiotiki haifanyi kitu kwa virusi, na loperamide haimfai mtoto mdogo hata kidogo.

Mara nyingi anayeyasema haya ni mama mkwe au bibi, naye anayasema kwa upendo. Usibishane naye mbele ya mtoto. Mwambie, "Shikamoo mama, nimekusikia. Kliniki wamesema tumpe maji haya kijiko kwa kijiko, na mimi mkono umechoka. Naomba unisaidie mpaka saa nane." Mpe kijiko na saa. Bibi aliyepewa kazi hiyo huifanya kwa subira kutuzidi sisi sote.

Ukikwama

*Nimeanza ORS, choo kimezidi.* Inatokea. ORS haizuii kuharisha, inajaza kilichotoka. Maadamu anakojoa na anachangamka, uko sawa.

*Kope zimevimba.* Amezidishiwa. Simamisha ORS, mpe maji ya kawaida au anyonye, mpaka uvimbe uishe. Usipoisha, mpeleke.

*Sijui kama amekojoa, pampasi yote imelowa choo.* Tumia nepi za kitambaa siku hizi, au weka pamba kavu mbele ndani ya pampasi.

*Analala sana, nimwache?* Mwamshe. Akifungua macho, akakutambua, akanywa, akalala tena, ni uchovu. Usipoweza kumwamsha akawa macho kweli, ondoka sasa hivi.

*Hajala siku ya pili.* Kama anakunywa, anakojoa na anakuangalia, njaa itarudi yenyewe. Kama hanywi pia, ni hospitali.

*Tumbo limejaa gesi, limekaza, hatoi choo tena na anatapika.* Usimpe kitu kingine chochote mdomoni. Hospitali.

*Ameanza kukohoa na kuhema.* Akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima kwa saa. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika, au kifua kinachobonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, ni wa kupelekwa siku hiyohiyo.

*Siku ya tatu, hakuna nafuu.* Mrudishe kituoni na daftari lako, hata kama ulishampeleka siku ya kwanza. Usione haya kurudi. Kuharisha kukifika siku 14 kuna jina lake na matibabu yake.

*Kituoni hawana dawa.* Huduma kwa watoto wa chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali, lakini kuna siku stoo imekauka. Omba waandike jina la dawa na dozi kwa herufi zinazosomeka, kisha muulize nesi ni ipi ya lazima leo na ipi inaweza kusubiri. Akiharisha bila damu, pesa yako ya kwanza iende kwenye ORS na zinki.

Baada ya kidonge cha mwisho cha zinki, mpeleke kliniki apimwe uzito na waangalie kama chanjo zake zimekamilika, ikiwemo ya rota, kirusi kinacholeta kuharisha. Ukirudi pitia dukani ununue pakiti nyingine nne.